Mchezo Umeununua, Uwanja Si Wako

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wazee wengi wataliona kuwa ni la watoto: michezo ya kompyuta, ile inayochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Nawaomba wazee hao wasizime redio. Ndani ya michezo hiyo yametokea mabadiliko yanayomhusu kila mtu anayetoa fedha zake kununua kitu, halafu akagundua baadaye kwamba kitu hicho hakifanyi kazi bila ridhaa ya aliyekiuza.

Tuanze na bao. Ukinunua bao kwa fundi, ukapata na kete zako, biashara kati yenu imekwisha. Utalicheza barazani kwako. Utaamua mwenyewe nani akae na nani asubiri zamu yake. Fundi akifunga karakana au akihama mji, bao lako halipasuki. Kwa muda wa zaidi ya miaka 10, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, michezo mingi ya kompyuta ya watu wengi ilikuwa karibu na hali hiyo. Leo mingi haiko hivyo, na sababu kubwa ni kufifia kwa chombo kimoja ambacho mchezaji wa kawaida hakukiona kwa macho. Chombo hicho ni seva tengwa.

Neno hilo linahitaji maelezo. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Katika mchezo wa watu wengi, seva ndiyo uwanja na ndiyo mwamuzi. Chukua mchezo wa Doom, uliotolewa Desemba 1993 na kampuni ya id Software ya jimbo la Texas, Marekani. Watu wanne waliweza kuucheza pamoja kwenye mtandao wa ofisini, lakini humo hamkuwa na mwamuzi. Kila kompyuta ilipeleka habari zake kwa nyingine zote, na zote zililazimika kusubiriana. Mmoja akiwa na mashine nzito au laini mbovu, wote wanne wanakwama naye.

Juni 1996 kampuni hiyo hiyo ikatoa Quake, na mtengenezaji wake mkuu wa programu, John Carmack, akabadili mpango. Sasa kompyuta moja ndiyo iliyoshika ukweli wa mchezo. Nyingine zote zilipeleka kwake habari ndogo tu: mwenyewe amebonyeza kwenda mbele, amegeuka kushoto, amefyatua. Ile kompyuta moja ndiyo iliyoamua kama risasi imempata mtu au imepiga ukuta, kisha ikawajulisha wote. Desemba ya mwaka huo likafuata toleo la QuakeWorld, lililofanya mchezo uchezeke hata kwa modemu za simu za wakati ule, kwa kuifanya mashine ya mchezaji ikisie hatua inayofuata badala ya kungoja jibu la mwamuzi.

Mwamuzi huyo aweza kuwa kompyuta ya mmoja wa wachezaji, lakini hapo pana dhuluma. Mwenye kompyuta hiyo anacheza pasipo kuchelewa hata kidogo, ilhali wenzake wanangoja habari zao zisafiri kwenda na kurudi. Tena, akiamua kuondoka kwenda kula, mchezo wa wote umekufa. Dawa yake ni kuitenga kompyuta moja ambayo haichezi na haionyeshi picha yoyote, kazi yake ikiwa kuamua tu. Hiyo ndiyo seva tengwa.

Jambo la kushika hapa ni kwamba id Software haikuificha programu ya seva. Iliitoa pamoja na mchezo. Mtu yeyote mwenye kompyuta na laini nzuri aliweza kuiwasha: mwanafunzi wa chuo kikuu, fundi wa kampuni ya intaneti, au kundi la marafiki lililochanga fedha za kukodi mashine mwezi hadi mwezi. Kampuni nyingine zikafuata mtindo huo. Valve, ya jimbo la Washington, ilifanya hivyo kwa Half-Life mwaka 1998, na Epic kwa Unreal Tournament mwaka 1999. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzijua seva hizo ziko wapi, na kwa ajili hiyo palikuwa na madaftari kwenye intaneti, programu zilizoorodhesha seva zote zilizo hewani, idadi ya watu waliomo, na umbali wake kutoka kwako kwa kipimo cha milisekunde. Daftari maarufu kuliko yote, GameSpy, lilianza kama programu ya kutafuta seva za Quake.

Aliyefungua orodha hiyo aliona mistari mamia, kila mstari ni seva yenye jina lake na sheria zake. Hapa hairuhusiwi kutukana. Pale inachezwa ramani moja usiku kucha. Kule wanakaribishwa wageni, na kwingine mlango una nywila. Ukipata mahali panapokufaa ulirudi kesho yake, na kesho kutwa, na baada ya mwezi ulikuwa unajulikana. Palikuwa na mwenye seva, palikuwa na wasaidizi wake, na mtu mkorofi alitolewa nje na wenyeji, si na ofisi iliyo ng'ambo. Kwa hakika lilikuwa baraza, pamoja na mazuri na maudhi yote ya baraza. Maana maudhi yalikuwapo. Wapo wenye seva waliomfukuza mtu kwa kosa la kuwashinda. Wapo waliouza nafasi za upendeleo. Mgeni asiyejua lolote aliweza kuingia seva kumi asipate hata moja inayomfaa. Hayo tutayarudia, kwa sababu ndiyo yaliyowapa wenye kampuni hoja.

Aidha, seva hizo zilikuwa kitalu. Kwa kuwa mwenye seva aliweza kubadili sheria za mchezo, vijana walianza kutengeneza michezo mipya juu ya ile ya zamani na kuijaribu humo humo. Team Fortress ilitengenezwa na vijana wa Australia mwaka 1996 juu ya Quake. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 juu ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe, wakiwa watu wa kujitolea tu. Valve ikawachukua, na mwaka 2000 mchezo huo ukauzwa madukani. Mwaka 2012 Dean Hall wa New Zealand aliunda DayZ juu ya mchezo wa kivita wa Arma 2, uliotengenezwa Jamhuri ya Cheki. Mwaka uliofuata Brendan Greene, raia wa Ireland, akachonga juu ya hiyo DayZ mchezo ambao watu wengi wanapambana na anabaki mmoja. Mtindo huo ndio uliozaa PUBG mwaka 2017, mchezo ambao vijana wetu wengi wanaujua kwenye simu zao bila kujua kwamba mizizi yake iko kwenye seva za watu binafsi.

Basi kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini yakabadilika? Tukumbuke kwamba wenye seva walikuwa wakilipa gharama wenyewe. Kampuni iliuza mchezo, na mashine za kuuchezea, umeme wake na mafundi wake vilitoka mifukoni mwa wateja. Ni nadra kumwona mfanyabiashara akikataa kazi anayofanyiwa bure.

Mbegu ya mabadiliko ilitoka kwenye mashine za kuchezea zinazounganishwa na televisheni. Novemba 2004 Microsoft ilitoa Halo 2 kwa mashine yake ya Xbox, na humo hapakuwa na orodha ya seva. Mchezaji alichagua aina ya mchezo, akabonyeza kitufe, na mfumo wa kampuni ukamtafutia wenzake wa kiwango chake. Ilikuwa rahisi mno, na ilifaa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi bila kibodi. Watu waliipenda, na hatuna haki ya kuwalaumu. Mchezaji dhaifu hakukutana tena kila siku na bingwa wa mtaa wa kumpiga mabao hamsini.

Kwenye kompyuta, siku ambayo wengi wanaikumbuka ni ya Oktoba 2009. Kampuni ya Infinity Ward ya California ilikuwa inakaribia kutoa Modern Warfare 2, mmoja wa michezo ya mfululizo wa Call of Duty unaomilikiwa na Activision. Robert Bowling, msemaji wake, alieleza katika mahojiano kwenye intaneti kwamba mchezo huo hautakuwa na seva tengwa wala orodha. Badala yake ungekuwa na mfumo uitwao IWNet, ambao ungewapanga wachezaji wenyewe na kuichagua kompyuta ya mmoja wao iwe mwamuzi. Kwa maneno mengine, ile dhuluma iliyoondolewa na seva tengwa ilikuwa inarudishwa kwa makusudi.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga. Ilipojulikana kwamba mchezo utakuwa na watu 18 tu kwa mkupuo, ilhali seva za mchezo uliotangulia zilibeba watu wengi zaidi ya hapo, na kwamba bei yake ni dola 60 badala ya 50 zilizozoeleka kwa michezo ya kompyuta, makundi ya kususia yakaundwa. Mchezo ukatoka tarehe 10 Novemba 2009. Kwa siku moja, ukihesabu kompyuta na mashine za televisheni pamoja, ziliuzwa nakala milioni 4.7 katika Amerika ya Kaskazini na Uingereza. Picha moja ilizunguka sana siku ile: orodha ya wanachama wa kundi la kususia Modern Warfare 2, na mbele ya majina mengi imeandikwa wanacheza nini saa hiyo. Walikuwa wanacheza Modern Warfare 2.

Wenye kampuni waliisoma picha ile vizuri. Mwaka 2010 mchezo uliofuata wa Call of Duty, uitwao Black Ops, uliporudisha seva tengwa, hukupewa programu ya seva. Uliruhusiwa kupanga tu, na mwenye nyumba alikuwa mmoja, kampuni iliyoidhinishwa na Activision. Toka hapo njia ikawa wazi, na michezo mikubwa iliyofuata, mmoja baada ya mwingine, ikaja bila programu ya seva ndani yake.

Hapa lazima tuwe waangalifu tusije tukasema lisilokuwapo. Seva zenyewe hazikutoweka, na leo kampuni zinaendesha mashine nyingi kuliko zilivyopata kuwa. Tena nyingine ni nzuri kuliko za watu binafsi wa zamani. Mchezo wa Valorant, uliotolewa na Riot mwaka 2020, unaendeshwa kwenye seva za kampuni zinazokagua hali ya uwanja mara 128 kwa sekunde. Udanganyifu, ugonjwa mkubwa wa michezo hii, ni rahisi zaidi kuupiga vita pale ambapo mlango ni mmoja. Kilichofifia ni ule utaratibu wa kumkabidhi mnunuzi programu ya seva ili awe na uwanja wake.

Kuhusu ile kazi ya bure, mimi naona jibu liko katika namna biashara yenyewe ilivyogeuka. Zamani kampuni iliuza sahani moja na kumaliza. Siku hizi inauza mchezo, kisha inauza nguo za mhusika, rangi za bunduki na tiketi ya msimu. Mwenye seva yake mwenyewe anaweza kuvitoa vyote hivyo bure kwa anayeingia kwake. Hili si la kukisia: mwaka 2015 Valve iliwaonya wenye seva za Counter-Strike waache kutumia programu zinazowapa wachezaji mapambo ambayo hawakuyanunua. Vilevile mchezo wa zamani usiokufa ni mshindani wa mchezo mpya. Mtu anayecheza kwa furaha toleo la miaka mitano iliyopita, kwenye seva ya rafiki yake, hana haraka ya kununua toleo la mwaka huu. Nyongeza ya yote ni wizi wa nakala, kwa sababu nakala isiyolipiwa haipati mlango ikiwa milango yote ni ya kampuni. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito wake, na sikusudii kuidharau.

Sasa tuje kwetu kidogo, maana habari hii ina mkia unaofika pwani ya Afrika Mashariki. Sisi wa redio tunaijua adha ya simu ya setilaiti: unauliza swali, unangoja, mgeni wako naye anangoja, halafu mnaanza kusema pamoja. Setilaiti za aina hiyo ziko angani umbali wa kilomita 36,000 hivi. Habari hupanda na kushuka kwenda, kisha hupanda na kushuka kurudi, jumla yake karibu kilomita 144,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Katika mchezo wa kufyatuana, nusu sekunde ni kufa kabla hujamwona aliyekuua. Hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti yetu hadi Julai 2009, wakati waya wa baharini wa SEACOM ulipowashwa, ukaunganisha Kenya, Tanzania na Uganda na dunia kwa nyuzi za kioo.

Angalieni tarehe hizo mbili. Julai 2009 tunapata waya. Novemba 2009 kompyuta zinaanza kunyang'anywa seva. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, safari ya kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 100, kabla ya kuongeza mitambo iliyoko njiani. Hakuna kampuni wala fundi anayeweza kuupunguza muda huo, kwa kuwa ndiyo kasi ya mwanga. Dawa ni moja, kuisogeza seva karibu. Wakati wa seva tengwa, kijana wa Mombasa au Dar es Salaam aliyekuwa na mchezo alikuwa pia na ruhusa na programu ya kuisogeza mwenyewe. Siku hizi anasubiri kampuni ione kama wateja wa upande huu wanatosha. Valve iliweka seva zake Afrika Kusini, na wachezaji wetu wanajua tofauti yake na kupelekwa Ulaya. Lakini uamuzi ulikuwa wa Valve.

Tuliache hilo, tuangalie jambo zito zaidi, nalo ni kifo cha mchezo.

Mei 2014 lile daftari la GameSpy lilifungwa. Michezo mingi iliyolitegemea, ikiwa ni pamoja na Battlefield 1942 na Battlefield 2 ya kampuni ya EA, ilipoteza njia yake rasmi ya kuchezwa kwa intaneti. Battlefield 1942, iliyotolewa mwaka 2002, haikufa. Programu ya seva ilikuwa mikononi mwa watu, kilichokosekana kilikuwa orodha, na mashabiki wakaandika orodha yao wenyewe. Daftari likiungua huku nyumba zimesimama, mnaandika daftari jipya.

Linganisha na yaliyowapata wengine. City of Heroes, mchezo wa mashujaa uliofunguliwa mwaka 2004, ulifungwa na kampuni ya NCSoft ya Korea ya Kusini tarehe 30 Novemba 2012, na kwa kuwa seva zote zilikuwa za kampuni, mji mzima ulizimika usiku mmoja. Mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya mashabiki walikuwa wameupata msimbo wa seva na kuuendesha kwa siri. Januari 2024 NCSoft, na hapa inastahili pongezi, ikawapa mashabiki wa kundi la Homecoming leseni ya kuuendesha hadharani. Oktoba 2022 Blizzard iliuzima mchezo wa Overwatch uliouzwa tangu 2016, na siku iliyofuata ikafungua Overwatch 2. Aliyeupenda ule wa kwanza na kuulipia hakuwa na mahali pa kuuchezea. Agosti 2024 Sony ilitoa Concord, kazi ya miaka mingi. Haikupata wateja, na Septemba 6 ikazimwa, baada ya wiki mbili. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini mchezo wenyewe, mzuri au mbaya, hauonekani tena kama ulivyotolewa.

Mashabiki wanaotaka kujitengenezea seva pasipo ruhusa hukutana na sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa kujitolea nchini Marekani walianza kuandika programu iitwayo bnetd, iliyoiga seva za Blizzard ili watu wachezee kwao. Blizzard ilishitaki mwaka 2002. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba seva ile haikukagua namba za siri za nakala halali, hivyo hata mwenye nakala ya wizi aliingia. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane iliipa kampuni ushindi. Tangu hapo wengi wanaofanya kazi hiyo hutembea kwa kunyata.

Kesi iliyoamsha watu wengi zaidi ni ya The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014. Mtu aliweza kuendesha gari lake humo bila kukutana na mwingine, akizunguka Marekani nzima ya kuchora. Hata hivyo mchezo ulijengwa ili usiwake bila kuongea na seva ya Ubisoft. Tarehe 31 Machi 2024 seva hiyo ilizimwa, na baadaye baadhi ya wanunuzi wakaona hata leseni zao zimefutwa kwenye akaunti. Diski iko mkononi, kompyuta ni nzima, gari haliwaki.

Mwezi Aprili mwaka huo Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza vipindi vya video kwenye intaneti, akaanzisha kampeni ya kupinga michezo kuuawa. Haidai kampuni ziendeshe seva milele. Inadai kwamba kampuni inapoondoka, iuache mchezo katika hali ya kuchezeka, ama bila intaneti, ama kwa kuwaachia watu njia ya kuwasha seva zao. Katika Umoja wa Ulaya ombi la raia lenye dai hilo lilipita saini milioni 1 Julai 2025, kiwango kinachoilazimisha Tume ya Ulaya kulijibu. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" pale ambapo anachotoa ni leseni inayoweza kufutwa, isipokuwa amweleze mteja waziwazi. Sheria hiyo haiokoi mchezo wowote, lakini angalau inalirudisha neno kwenye maana yake.

Chama cha kampuni za michezo cha Ulaya kilijibu kwamba seva za watu binafsi haziwezekani kila mara. Kilisema kinga za data za wachezaji na uondoaji wa maudhui haramu visingekuwapo humo, wenye haki za mchezo wangeweza kubebeshwa dhima, na michezo mingi imejengwa toka msingi kuwa ya mtandaoni tu. Hoja ya mwisho ni ya kweli kiufundi. Mchezo wa leo hauna seva moja. Una mashine ya akaunti, ya malipo, ya kupanga wachezaji, ya takwimu, zote zimefungamana, nyingine zimekodiwa kwa kampuni za tatu. Kuufungua mkufu huo mwishoni mwa safari ni kazi ngumu na ghali. Lakini mkufu haukujifunga wenyewe. Fundi anayejua tangu siku ya kwanza kwamba atatakiwa kuacha ufunguo huijenga nyumba tofauti. Ubisoft yenyewe, baada ya kelele za The Crew, iliahidi Septemba 2024 kuupa mchezo wa The Crew 2 namna ya kuchezeka bila intaneti, na mwaka 2025 ikafanya hivyo.

Wapo ambao hawakuuacha utaratibu wa zamani. Minecraft, kwa toleo lake la kompyuta la Java, bado inatoa programu ya seva bure. Rust nayo inatoa, na Valheim, iliyotengenezwa Sweden na kutolewa mwaka 2021, pia. Katika Counter-Strike seva za watu ziko hadi leo, ingawa kitufe kikubwa cha kucheza humpeleka mtu kwenye seva za Valve, na orodha ya seva za watu imewekwa pembeni ambako mgeni haendi. Quake nayo, ambayo msimbo wake id Software iliuachia umma Desemba 1999, ingali ina seva na wachezaji wake.

Wasikilizaji kadhaa huuliza kama haya yana faida kwa mtu ambaye bando lake linaisha kabla ya mwezi. Yanayo. Michezo yenye programu ya seva ndani yake, kama Quake na Counter-Strike ya zamani, huchezwa kwenye mtandao wa ndani ya nyumba au darasa bila kugusa intaneti. Kompyuta moja ya kawaida inatengwa kuwa seva, nyingine zinaunganishwa kwayo kwa waya na kisanduku kidogo cha kugawia mtandao. Ucheleweshaji unashuka chini ya milisekunde moja au mbili, na bando haliliwi hata kidogo. Kabla ya kununua mchezo, muulize muuzaji kama unakubali jambo hilo. Na ikiwa hajui, soma maelezo yaliyoandikwa kwenye ukurasa wake wa mauzo, sehemu inayosema kama mchezo unahitaji kuunganishwa na intaneti wakati wote.